Alama Chini ya Chombo: Vyombo vya Maua vya Uswidi na Watu Wanaovikusanya

Katika daftari la mali za usharika wetu, chini ya kichwa cha Sakristia, umeandikwa mstari mmoja: vyombo vya maua vya udongo, viwili. Thamani haikutajwa, wala jina la aliyevitoa. Kwa miaka mingi mstari huo ulitosha. Kila Jumamosi akina mama wa kikundi cha altare wamevijaza maji na maua, na kila Jumatatu wameviosha na kuvirudisha kabatini. Jambo lilibadilika pale wageni kutoka usharika rafiki wa Uswidi walipovigeuza juu chini, wakasoma alama zilizo kwenye vitako vyake, na kutueleza kwamba huko kwao vyombo vya namna hiyo hutafutwa na kununuliwa na wakusanyaji. Baraza la Wazee sasa lina swali mbele yake: viuzwe, vifungiwe, au viendelee kukaa altareni? Kamati ya kitabu hiki cha Jubilei ya Miaka 100 iliniomba niandike juu ya historia yake, ili washarika pamoja na wageni wetu wa Dayosisi wajue ni kitu gani hasa kinachojadiliwa.

Uswidi haikuwa nchi ya kauri tangu zamani. Vyombo vilivyothaminiwa na wafalme na matajiri wa Ulaya vilitoka China, vikisafirishwa kwa meli pamoja na chai na hariri. Nasi wa Afrika Mashariki hatukuwa mbali na biashara hiyo. Vipande vya kauri ya Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi, bakuli zilipachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya pwani, na nyumba za kale za Waswahili zilijengwa zikiwa na zidaka ukutani ambamo vyombo vya thamani viliwekwa vionekane. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba kukusanya vyombo vya udongo kwa ajili ya uzuri wake ni tabia ya Wazungu peke yao.

Kiwanda cha kwanza kikubwa cha Uswidi kilianzishwa mwaka 1726 mahali paitwapo Rörstrand, Stockholm. Kilitengeneza fayansi, yaani vyombo vya udongo mwepesi vilivyofunikwa kwa rangi nyeupe ili vifanane na kauri ya Kichina. Alama yake iliyojulikana baadaye ni mataji matatu, ambayo ndiyo nembo ya taifa la Uswidi. Kusini, katika mkoa wa Skåne, kampuni ya Höganäs ilianza mwaka 1797 kwa kuchimba makaa ya mawe. Pamoja na makaa ulipatikana udongo mzuri, na tangu miaka ya 1830 ukafinyangwa kuwa mitungi migumu kama jiwe ya kuhifadhia vyakula. Wafinyanzi wa Höganäs walitupa chumvi ndani ya tanuri likiwa katika joto kali, na chumvi hiyo ikageuka kuwa ngozi ya kioo ya rangi ya kahawia juu ya mtungi. Mwaka 1825 ulianza ufinyanzi wa Gustavsberg, katika kisiwa cha Värmdö nje ya Stockholm, ambao alama yake ni nanga. Na mwaka 1886, katika mji wa Uppsala, kilianzishwa kiwanda cha Upsala-Ekeby, ambacho mwanzoni kilifyatua matofali na vigae vya majiko marefu yanayopasha joto nyumba wakati wa baridi. Vyombo vyetu viwili vimetoka katika viwanda hivi viwili vya mwisho, basi juu ya hivyo nitasema zaidi.

Mwishoni mwa karne ya 19 Uswidi ilikuwa ingali nchi maskini, na watu wake kwa mamia ya maelfu walikuwa wakihamia Marekani. Katika hali hiyo kulitokea watu waliosema kwamba umaskini wa mfanyakazi si njaa tu, bali pia ni kuishi katika nyumba isiyo na kitu chochote cha kupendeza macho. Mwandishi Ellen Key alilitetea wazo hilo katika maandiko yake ya mwaka 1899. Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1917, yalifanyika maonyesho makubwa ya vifaa vya nyumbani katika jumba la Liljevalchs mjini Stockholm. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha samani na vyombo vizuri ambavyo familia ya mfanyakazi ingeweza kununua. Gustavsberg ilikuwa imemwajiri mchoraji kijana, Wilhelm Kåge, naye akatengeneza seti ya sahani na bakuli zenye maua ya buluu, iliyokuja kuitwa seti ya wafanyakazi.

Wafanyakazi hawakuinunua. Waliotaka vyombo hivyo ni watu wa tabaka la kati, wenye elimu, waliopendezwa na usahili wake. Mfanyakazi, akipata akiba kidogo, alitaka sahani yenye dhahabu ukingoni kama ya tajiri, na mimi sioni kwa nini alaumiwe. Wanaomtengenezea maskini kitu bila kumwuliza anataka nini hupata jibu la namna hiyo mara nyingi, na historia ya misheni nayo ina mifano yake. Hata hivyo wazo halikufa. Mwaka 1919 Gregor Paulsson aliandika kijitabu kilichodai vitu vizuri zaidi kwa matumizi ya kila siku, na madai hayo yakawa kama ungamo la imani la viwanda vya Uswidi kwa miaka 50 iliyofuata.

Kåge mwenyewe alikwenda njia mbili kwa wakati mmoja. Katika Maonyesho ya Stockholm ya mwaka 1930 alionyesha vyombo alivyoviita Argenta: udongo mgumu wenye rangi ya kijani kibichi, na juu yake nakshi za fedha halisi, samaki, maua na wanawake wa baharini. Ni vyombo vya fahari, na vilipata sifa hata nje ya Uswidi. Lakini hapakuwa na mfanyakazi wa tanuri ambaye angenunua Argenta kwa mshahara wake.

Mwaka 1937 kiwanda cha Gustavsberg kilinunuliwa na Kooperativa Förbundet, muungano wa vyama vya ushirika vya walaji uliokuwa umeanzishwa mwaka 1899. Sisi wa nchi ya kahawa tunajua maana ya ushirika, faida zake na magomvi yake. Huko ushirika ulimiliki maduka yaliyoenea nchi nzima, kwa hiyo chombo kilichotoka katika tanuri la Värmdö kiliweza kufika katika duka la kijiji cha mbali bila kupita kwa wachuuzi wengi. Ndiyo sababu mtu wa kawaida, mwalimu, muuguzi au mke wa mkulima, aliweza kuwa na chombo cha maua cha Gustavsberg juu ya meza yake. Yamkini ndivyo vilivyopatikana pia vile vilivyofungwa katika masanduku ya wamisionari.

Chini ya ushirika huo kilianzishwa chumba cha kazi za sanaa, nacho kikapewa alama yake ya pekee: mkono ulio wazi, wenye herufi G. Hapa inafaa nimtaje mfinyanzi Berndt Friberg, kwa kuwa maisha yake yanafundisha mengi kuhusu alama na majina. Friberg alizaliwa Höganäs mwaka 1899 katika ukoo wa wafinyanzi, na akaingia kazini akiwa kijana mdogo. Mwaka 1934 alifika Gustavsberg kuwa mfinyanzi wa gurudumu wa Kåge. Maana yake ni kwamba Kåge alichora umbo, Friberg akalifinyanga kwa mikono yake, na jina la chini lilikuwa la Kåge. Ilimchukua takriban miaka 10 kabla hajaanza kuonyesha vyombo vyake mwenyewe. Kuanzia hapo alifinyanga mwenyewe, akachanganya mwenyewe madini ya kufunika chombo, na juu ya kila kitako akachora kwa ncha kali jina Friberg pamoja na herufi ya mwaka.

Vyombo vya Friberg ni vyepesi, vya shingo nyembamba, vingine vidogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Ngozi yake haing'ai kama kioo cha dirisha. Ina mistari myembamba inayoteremka, kama manyoya ya sungura, ufundi ambao Wachina wa zama za Song waliujua takriban miaka 1,000 iliyopita. Siri yake imo katika tanuri. Joto likifika kiasi cha nyuzi 1,250 za Selsiasi, madini yaliyopakwa juu ya chombo huyeyuka na kuanza kutiririka. Moto ukizidi kidogo, yanatiririka hadi chini na kukigandamiza chombo kwenye rafu. Ukipungua, yanabaki magumu kama chokaa. Mfinyanzi hawezi kufungua mlango akatazame. Hungoja tanuri lipoe, na ndipo ajuapo kama ana kazi au ana vigae. Friberg alipata medali za dhahabu katika maonyesho ya Triennale ya Milano katika miaka ya 1950. Alifariki mwaka 1981, na leo vyombo vyake ni miongoni mwa vinavyogombewa sana minadani.

Sasa tuje kwenye chombo chetu cha kwanza, kile kirefu cheupe chenye mistari ya rangi iliyochorwa kwa brashi. Kina ule mkono wenye G. Namna hii ya fayansi iliyochorwa kwa mkono inahusishwa na Stig Lindberg, aliyeingia Gustavsberg mwaka 1937, akamrithi Kåge kama kiongozi wa sanaa mwaka 1949, akaondoka mwaka 1957, akarudi mwaka 1972 na kukaa hadi mwaka 1980. Lindberg alikuwa mtu wa mizaha. Majani yake yana nyuso, vyombo vyake vimejipinda kana kwamba vinacheka. Kulitazama jani lake moja altareni wakati wa Kwaresima, nakiri, huleta tabasamu.

Lakini Lindberg hakuketi kuchora kila chombo. Alibuni umbo na nakshi. Waliochora, chombo baada ya chombo, siku baada ya siku, walikuwa wachoraji wa kiwanda, wengi wao wanawake. Kila mmoja alikuwa na alama yake ndogo, herufi au kijistari, aliyoiweka karibu na ule mkono. Chini ya chombo chetu alama hiyo ipo. Wakusanyaji wamejitahidi kuorodhesha alama za wachoraji hao na kuzirudishia majina, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote wanazofanya. Waliochanganya udongo, waliopakia tanuri na kusukuma mikokoteni hawakuweka alama yoyote. Wengi wa watu hao walivuta vumbi laini la mawe yaliyosagwa, na ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi hilo umefahamika katika nchi zote zenye viwanda vya kauri.

Chombo cha pili, kifupi, cha rangi ya udongo iliyokolea, ni cha Upsala-Ekeby. Chini kina jina la kiwanda, namba ya umbo, na herufi M.S. Herufi hizo ni za Mari Simmulson, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1911 katika familia ya Kiestonia, akahamia Uswidi katika miaka ya 1940, akafanya kazi kwanza Gustavsberg na kisha Upsala-Ekeby kuanzia mwaka 1949 hadi 1972. Kiwanda hicho kilikuwa na wanawake wengine hodari, kama Anna-Lisa Thomson na Ingrid Atterberg, nao waliruhusiwa kuweka herufi zao chini ya kazi zao. Tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo Kanisa la Uswidi lilikuwa bado likibishana kuhusu wanawake kuwa wachungaji. Watatu wa kwanza walibarikiwa mwaka 1960. Kiwanda cha vyombo kililitangulia Kanisa katika jambo hilo.

Uppsala si jina geni kwa washarika wetu. Ndiko alikotoka Bengt Sundkler, profesa wa historia ya Kanisa, aliyekuwa Bukoba wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya wamisionari wa Kijerumani kuondolewa, na aliyerudi mwaka 1961 kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Buhaya, hata mwaka 1964 alipomwachia kiti Askofu Josiah Kibira. Simtaji kwa kuwa alikusanya vyombo. Namtaja kwa sababu alitumia maisha yake kukusanya majina. Alisisitiza kwamba historia ya Kanisa katika Afrika iandikwe kwa kuwatazama Waafrika wenyewe walioieneza Injili, si wamisionari tu. Hapa petu Wahaya waliolipokea Neno Uganda walikuwa wamekwisha kukusanyika kusali kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910, lakini katika vitabu vingi habari huanzia mwaka huo.

Viwanda hivyo havikudumu kama vilivyotarajiwa. Tangu miaka ya 1960 vyombo vya bei nafuu kutoka nje, pamoja na plastiki, vilijaza maduka ya Uswidi. Upsala-Ekeby ilikuwa imewanunua washindani wake, hata Rörstrand yenyewe mwaka 1964, lakini ukubwa haukuiokoa: ufinyanzi wake Uppsala ulifungwa katika miaka ya 1970. Rörstrand, iliyokuwa imehamia Lidköping tangu miaka ya 1930, iliacha kufinyanga hapo mwishoni mwa mwaka 2005. Gustavsberg iligawanywa na kuuzwa vipande vipande, ijapokuwa vyombo vichache bado vinatengenezwa katika majengo ya zamani, na makumbusho yake yako chini ya Nationalmuseum ya Stockholm.

Vyombo vilipoacha kutengenezwa ndipo vilipoanza kutafutwa. Wazee waliovinunua katika duka la ushirika walifariki, watoto wao wakavitoa nyumbani kwa masanduku, navyo vikaishia kwenye magulio ya vitu vikuukuu na kwenye maduka ya mitumba. Maduka mengi kati ya hayo ni ya Wakristo. Myrorna ni ya Jeshi la Wokovu, na Erikshjälpen hutumia mapato yake kuwasaidia watoto. Mkusanyaji huingia asubuhi na mapema, hukigeuza chombo, huisoma alama, hupitisha kidole ukingoni kutafuta pengo, hukigonga kwa kucha na kusikiliza. Chombo kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Katika viwanda vingi vya kauri, chombo kilichotoka tanurini na dosari kilikwaruzwa mstari juu ya alama yake, kikauzwa kama daraja la pili, na mkwaruzo huo hushusha bei hata leo. Wakubwa zaidi huenda katika nyumba za minada, kama Stockholms Auktionsverk, iliyoanza mwaka 1674.

Nawaheshimu watu hao. Bila wao majina mengi yangepotea, na vyombo vingi vingetupwa. Lakini nina shaka juu ya jambo moja. Mkusanyaji hupenda zaidi chombo ambacho hakijatumika kabisa. Doa la maji ndani yake ni hasara. Hivyo kitu kilichobuniwa ili kiipendezeshe nyumba ya mfanyakazi kinakaa ndani ya kabati la kioo, bila ua hata moja, kikingoja bei ipande. Paulsson na wenzake wangeshangaa.

Kuhusu swali lililo mbele ya Baraza, maoni yangu ni haya. Wageni wetu walieleza kwa uaminifu kwamba chombo cha Lindberg kina ufa mwembamba karibu na shingo, na kwamba vyote viwili vina madoa ya maji ndani. Fedha itakayopatikana haitaezeka paa la nyumba ya mwinjilisti. Ingawa ingetosha, bado ningesita, kwa sababu madoa yale ni ya maji yaliyochotwa kisimani na akina mama wa usharika huu tangu kabla ya wengi wetu kubarikiwa. Mnunuzi wa Stockholm atayahesabu kuwa dosari. Viendelee altareni, ila kile chenye ufa kiwekewe ndani kopo la bati la kushika maji, ufa usizidi kupanuka, na visioshwe tena kwa mchanga wala majivu, maana rangi ya fayansi huchubuka.

Na daftari lirekebishwe. Badala ya mstari mmoja, yaandikwe majina ya viwanda, herufi M.S. na maana yake, na umbo la ile alama ya mchoraji jinsi ilivyo, ili mgeni mwingine wa Uswidi akifika atusaidie kuisoma. Kando yake iandikwe orodha ya akina mama waliohudumu katika kikundi cha altare. Mjane wa mwinjilisti wetu wa zamani anawakumbuka wengi kwa majina yao na ya baba zao. Katibu wa usharika amekwisha kumtembelea mara mbili na kujaza kurasa tatu, naye mama huyo amemwambia arudi baada ya mavuno, kwa kuwa bado hajafika kwa wale wa mtaa wa bondeni.